Kupima Glakoma na Kuifuatilia: Somo kwa Mtumiaji wa Huduma za Macho

Mkulima wa Ruangwa au Nachingwea anaufahamu mzani. Akifikisha korosho au ufuta ghalani, mzigo hupimwa mbele yake, uzito huandikwa, naye huondoka na stakabadhi mkononi. Hawezi kuridhika akiambiwa tu kwamba mzigo wake uko sawa. Lakini mtu huyo huyo akipimwa macho huweza kurudi nyumbani na maneno mawili tu, "uko vizuri", bila kuuliza ni kipimo gani kimefanyika, kimeonyesha nini na kimeandikwa wapi. Kwa ugonjwa wa glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho, uzembe huo unaweza kugharimu uwezo wa kuona ambao hautarudi tena.

Somo hili linaeleza jinsi daktari wa macho anavyoitafuta glakoma na jinsi anavyoifuatilia baada ya kuigundua. Msomaji akilimaliza, anatarajiwa kuvitambua vipimo vikuu, kuelewa kwa nini kipimo kimoja cha siku moja hakitoshi, na kujua mambo anayopaswa kuyaomba kila anapohudumiwa.

GLAKOMA NI NINI

Sehemu ya mbele ya jicho ina majimaji safi ambayo hutengenezwa ndani ya jicho mchana na usiku. Majimaji hayo si machozi. Hutoka kupitia njia nyembamba zilizo kwenye pembe, mahali ambapo konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hukutana na duara lenye rangi. Njia hizo zikipitisha maji kwa shida huku mengine yakiendelea kutengenezwa, shinikizo ndani ya jicho hupanda. Shinikizo hilo huumiza neva ya macho, inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja, na uzi uliokufa hauoti tena.

Aina ya glakoma inayoonekana zaidi katika nchi yetu haina maumivu, haiwashi wala haifanyi jicho kuwa jekundu. Mtu aliyewahi kuona trakoma, ambayo kope zake hukwaruza jicho usiku na mchana, hudhani kwamba kila ugonjwa wa macho lazima ujitangaze. Glakoma ya aina hii haijitangazi. Huanza kula pembezoni mwa uwezo wa kuona na kuacha katikati kwa muda mrefu. Mgonjwa huweza kutunga uzi kwenye sindano na kuhesabu fedha zake, kumbe haoni baiskeli inayomjia kutoka ubavuni.

Kuna aina nyingine ambayo huja kwa ghafla: maumivu makali ya jicho na kichwa, jicho kuwa jekundu, kuona ukungu au duara za rangi kuzunguka taa, na kutapika. Mwenye dalili hizo afike hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kupambazuke.

Ni muhimu pia kutofautisha glakoma na mtoto wa jicho. Katika mtoto wa jicho, lenzi iliyo ndani ya jicho hupata ukungu, na upasuaji huweza kurudisha uwezo wa kuona. Katika glakoma kinachokufa ni neva, na hakuna upasuaji unaoirudisha. Tiba hulinda kile kilichobaki. Ndiyo maana ushauri wa mitaani wa kusubiri "mtoto wa jicho aive" ni wa hatari. Anayesubiri huenda hana mtoto wa jicho, au ana magonjwa yote mawili, na kila mwezi unaopita unampunguzia kitu asichoweza kukirejesha.

Ugonjwa huu si wa nadra. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Takriban watu 4 katika kila 100 walikutwa na glakoma. Katika kijiji chenye watu 200 wa umri huo, uwiano kama huo ungekuwa na maana ya watu wanane. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 40, wenye ndugu wa damu mwenye glakoma, waliowahi kuumia jicho, na waliotumia dawa zenye steroidi kwa muda mrefu.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuchukue mfano wa mama mkulima mwenye umri wa miaka 52, mkazi wa kata ya Mnacho, wilayani Ruangwa. Tumwite Bi Somoe. Mfano huu ni wa kufundishia, na tutaurejea hadi mwisho wa somo.

Mwezi Mei, wakati wa mavuno ya ufuta, wahudumu wa afya walifika kijijini kwa huduma ya mkoba. Bi Somoe alisoma chati hadi mstari wa mwisho. Mchana huo shinikizo la macho yake lilikuwa 19, akaambiwa macho yake ni mazima. Hakupewa karatasi yoyote, naye hakuiomba. Baada ya miezi michache alianza kujikwaa kwenye mafiga na kugonga fremu ya mlango kwa bega la kulia. Kaka yake mkubwa alikuwa ameshapofuka miaka mingi iliyopita, na alitembea akiongozwa na mjukuu. Familia ilisema ni uzee.

Je, waliompima mwezi Mei walikosea? Chati aliisoma kweli, na 19 ni tarakimu ya kawaida. Kosa lilikuwa kuyachukua majibu hayo mawili kana kwamba ndiyo uchunguzi wote.

VIPIMO VYA KUITAFUTA GLAKOMA

Kwanza ni mahojiano. Daktari ataulizia umri, ndugu waliopofuka, ajali za jicho, pumu, kisukari na dawa unazotumia. Taja kila dawa, hata matone uliyonunua dukani bila cheti cha daktari. Laiti Bi Somoe angeulizwa kuhusu kaka yake mwezi Mei, huenda angetumwa hospitali mapema.

Pili ni chati. Kipimo hiki huonyesha jinsi unavyoona katikati, kila jicho peke yake. Kina manufaa, lakini glakoma huacha katikati hadi mwishoni. Kusoma chati vizuri si uthibitisho kwamba huna glakoma.

Tatu ni shinikizo la jicho. Kifaa chake huitwa tonometa, na matokeo huandikwa kwa milimita za zebaki. Kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21. Kuna tonometa za aina kadhaa. Ile ya Schiøtz, iliyobuniwa nchini Norwe mwanzoni mwa karne ya 20, huwekwa juu ya jicho mgonjwa akiwa amelala chali. Ile ya Goldmann, ya miaka ya 1950, hugusa konea taratibu baada ya jicho kutiwa matone ya ganzi na rangi ya manjano. Nyingine hupuliza hewa, au hugusa jicho kwa ncha ndogo nyepesi kwa muda mfupi sana. Hakuna kinachoumiza. Usikaze kope wala kubana pumzi, maana vyote viwili hupandisha tarakimu.

Shinikizo la jicho si shinikizo la damu. Mashine ya kufunga mkononi haiwezi kupima glakoma, na mtu mwenye presha nzuri ya damu anaweza kuwa na glakoma. Tena shinikizo la jicho hubadilika ndani ya siku moja, na kwa wengi huwa juu zaidi asubuhi. Unene wa konea nao una athari: konea nene hufanya tarakimu ionekane kubwa kuliko hali halisi, na nyembamba huifanya ionekane ndogo. Kwa sababu hiyo hospitali zenye kifaa hupima unene huo pia, ambao kwa wastani ni zaidi kidogo ya nusu milimita.

Nne ni pembe ya jicho. Daktari huweka kwenye jicho lililotiwa ganzi lenzi ndogo yenye vioo, ili aone kama njia ya maji iko wazi au imebanwa. Kipimo hiki ndicho kinachotofautisha aina za glakoma, na tiba zake hazifanani.

Tano ni kuitazama neva yenyewe. Kwa darubini na mwanga, neva huonekana kama sahani ndogo ya duara yenye kishimo katikati, ambacho madaktari hukiita kikombe. Nyuzi zinapokufa, kikombe hupanuka. Kikichukua sehemu 3 kati ya 10 za sahani huandikwa 0.3, kikifika 0.7 au 0.8, au kikitofautiana sana baina ya macho mawili, daktari hushuku glakoma. Ili aone vizuri anaweza kukutia matone ya kupanua mboni, baada ya kuhakikisha kwamba pembe ya jicho si nyembamba. Matone hayo huleta ukungu na kuumizwa na mwanga kwa saa kadhaa, kwa hiyo njoo na mtu wa kukusindikiza na usiendeshe bodaboda siku hiyo.

Sita ni uwanja wa kuona. Utakaa mbele ya mashine yenye umbo la bakuli, jicho moja limefunikwa, ukitazama nukta ya katikati. Vimwanga hafifu hutokea huku na huko, nawe unabonyeza kitufe kila unapokiona kimoja. Kila mtu hukosa baadhi, kwa kuwa mashine imetengenezwa itafute kiwango cha chini kabisa unachoweza kuona. Usibonyeze kwa kubahatisha. Kipimo cha kwanza mara nyingi huwa na makosa ya ugeni, na daktari akiagiza kirudiwe usidhani anakupotezea muda. Pasipo mashine, mhudumu anaweza kukaa mbele yako na kukuonyesha vidole vyake kutoka pembeni. Njia hiyo hugundua upungufu mkubwa, ila mdogo huupita.

Hospitali kubwa huwa pia na mashine ya kupiga picha za tabaka za neva, ambayo hupima unene wa nyuzi kwa vipimo vidogo sana. Picha hiyo husaidia, lakini haichukui nafasi ya vipimo vilivyotangulia.

KWA NINI KIPIMO KIMOJA HAKITOSHI

Wapo watu wenye shinikizo la zaidi ya 21 ambao neva zao ni nzima. Hao hufuatiliwa, na si wote wanaohitaji dawa. Wapo pia wenye shinikizo la chini ya 21 ambao neva zao zinakufa. Daktari hawezi kusema "ni glakoma" wala "si glakoma" kwa tarakimu moja. Huiweka pamoja na pembe, neva na uwanja wa kuona.

Bi Somoe alikwenda hospitali ya wilaya, akaandikiwa rufaa. Huko alipimwa asubuhi: jicho la kulia 27, la kushoto 24. Kikombe cha kulia kilikuwa 0.8, cha kushoto 0.5. Uwanja wa jicho la kulia ulikuwa na giza upande wa juu. Picha nzima ilikuwa imepatikana. "Mama," daktari alimwambia, "kilichopotea hatuwezi kukirudisha. Kazi yetu kuanzia leo ni kulinda hiki kilichobaki, na kazi hiyo tutaifanya wawili."

KUFUATILIA BAADA YA KUGUNDULIWA

Daktari huanza kwa kuandika hali ya mwanzo: shinikizo la kila jicho, ukubwa wa kikombe na ramani ya uwanja wa kuona. Kisha huweka lengo, yaani kiwango ambacho shinikizo halipaswi kukizidi. Mara nyingi huwa pungufu ya lile la mwanzo kwa robo au theluthi, na chini zaidi kwa neva iliyokwisha kuumia sana. Lengo la jicho la kulia la Bi Somoe liliwekwa 18.

Mgonjwa anapoanza tiba huitwa baada ya wiki chache kuona kama imefanya kazi. Hali ikitulia, huitwa kila baada ya miezi kadhaa, na uwanja wa kuona hurudiwa kwa kawaida angalau mara moja kwa mwaka. Swali la kila mahudhurio ni moja: je, kuna kilichobadilika tangu mara ya mwisho? Daktari hawezi kulijibu kama kumbukumbu za mara ya mwisho hazipo.

Bi Somoe alipewa matone. Shinikizo lilishuka hadi 17, kisha 16. Ulipofika msimu wa korosho, alikaa shambani, chupa ikaisha, na kwa kuwa jicho halikumuuma aliona hakuna haraka. Mwezi Januari lilikutwa 25. Ramani mpya ya uwanja wa kuona ilipolazwa kando ya ile ya kwanza, giza lilikuwa limeteremka kuelekea katikati. Yeye mwenyewe hakuwa ameona tofauti yoyote. Karatasi mbili ndizo zilizosema, na daktari akabadilisha tiba kabla jicho halijafungwa kabisa.

Tiba nyingine ni mwale wa leza unaofungua njia za maji, na upasuaji unaotengeneza njia mpya. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha leza na matone ya timololi kwa wagonjwa 201. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefaulu katika macho 61 kati ya kila 100 yaliyopata leza, na macho 31 kati ya kila 100 yaliyotumia timololi. Matokeo hayo yana mafunzo mawili. Leza ni tiba ya kuulizia, hasa kwa anayeishi mbali na duka la dawa. Pia, hata kwa leza wapo wengi ambao tiba haikutosha, na wanaweza kujulikana kwa kupimwa tena tu. Anayekwambia kwamba leza au upasuaji umemaliza safari za kliniki anakupotosha.

DAWA: MAMBO YA KUANGALIA

Nunua matone ya glakoma kwenye famasi au duka la dawa lenye kibali, kwa cheti cha daktari. Soma jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kagua kama kifuniko hakijafunguliwa. Aina nyingi za latanoprosti huhifadhiwa kwenye jokofu kabla ya kufunguliwa. Muulize muuzaji ilihifadhiwaje. Chupa nyingi zikishafunguliwa hutumika kwa wiki 4 tu, kwa hiyo andika tarehe ya kuifungua juu yake. Mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole amweleze daktari kabla ya kupewa timololi.

Tone moja linatosha. Funga jicho, bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili, na kama una dawa ya pili subiri dakika 5.

Jihadhari sana na matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, ambayo watu huyatumia kwa macho mekundu au yanayowasha bila kupimwa. Hutuliza haraka, na hapo ndipo penye mtego: yakitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo na kuleta glakoma kimyakimya. Usiazime matone ya jirani, wala usiendelee na chupa ya zamani kwa sababu ilikusaidia mwaka jana. Ukitilia shaka dawa, au ikikuletea madhara, toa taarifa kwa mhudumu wa afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

MAMBO YA KUOMBA KILA UNAPOHUDUMIWA

1. Uliza anayekupima ni nani: daktari bingwa wa macho, mtaalamu wa optometria au muuzaji wa miwani. Kila mmoja ana kazi yake, lakini kupimwa miwani si kupimwa glakoma.

2. Uliza gharama kabla ya kipimo, na kama una bima uliza kipi kinalipiwa. Dai risiti.

3. Omba uandikiwe shinikizo la kila jicho, saa lilipopimwa, ukubwa wa kikombe, na lengo lako. Omba nakala ya ramani ya uwanja wa kuona.

4. Weka karatasi zote katika daftari au bahasha moja, mahali pakavu, na uende nazo kila kliniki. Ukipewa rufaa kutoka Ruangwa au Nachingwea kwenda Hospitali ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mkoani Mtwara, au Muhimbili, daktari wa huko ataanzia pale mwenzake alipoishia.

5. Kabla ya msimu wa shamba, hesabu chupa zitakazokutosha hadi utakaporudi.

6. Waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako waliokwisha kuwa watu wazima wakapimwe, hata kama wanaona vizuri.

MASWALI YA KUJIPIMA

Je, kusoma chati hadi mstari wa mwisho kunathibitisha kwamba huna glakoma? Shinikizo la 19 lililopimwa mchana linakupa uhakika gani? Katika familia yako, nani alipofuka na hakuna aliyewahi kueleza sababu? Shinikizo la macho yako mara ya mwisho lilikuwa ngapi, na limeandikwa wapi?

Msomaji asiyeweza kujibu swali la mwisho aanze na hilo. Bi Somoe sasa ana daftari la kurasa arobaini, ambalo hulihifadhi pamoja na stakabadhi zake za korosho. Jicho la kulia halikurudi kama lilivyokuwa. La kushoto lingali linaona mlango wote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na macho ni mali isiyouzwa ghalani.